Mvua ya Kwa Wenzetu

Wewe mama unayechagua mchele huku maji yakichemka, wewe mwenye duka hapa Madogo unayehesabu mauzo ya leo, wewe dereva wa lori uliyeegesha kando ya barabara ya Mwingi, wewe mfugaji wa Bangale mwenye redio ndogo mfukoni: karibuni tukae pamoja kwa dakika chache.

Mimi ni mchungaji wa kanisa dogo la mabati hapa Madogo, ng'ambo ya mto ukitoka Garissa. Leo nimeombwa nizungumzie mambo matatu: utumishi, uwakili na shukrani. Nimeyawaza kwa siku kadhaa. Kila nikijaribu kuyatenganisha, yananirudia yakiwa jambo moja, na jambo hilo nimelikuta mtoni. Basi niruhusuni nianze na mto.

Swali la kwanza. Umewahi kusimama kwenye daraja la Garissa siku ambayo hapa kwetu mbingu ni kavu, wingu hakuna, vumbi linapeperuka, kisha ukatazama chini ukaona maji yamejaa, mekundu, yanakwenda kwa kishindo, yamebeba magogo na migomba? Bila shaka umeona. Sisi wa Madogo tumezoea. Lakini je, umewahi kujiuliza maji hayo yametoka wapi, na hapa hata tone halijaanguka?

Yametoka kwa wenzetu. Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, kama kilomita 1,000 hivi, na unaanzia kwenye milima ya Nyandarua na Mlima Kenya. Mvua inanyesha Nyeri, inanyesha Murang'a, Kirinyaga, Embu na Meru. Sisi hapa tuko kwenye ukame, lakini tunakunywa, tunanyweshea mifugo, tunapanda ndizi, maembe, nyanya na matikitimaji ukingoni. Watu wa Madogo, Wamunyoyaya, Waorma, Wailwana, Wasomali, Wapokomo, Wakamba na sisi tuliohamia kutoka mbali, sote tunaishi kwa mvua ya kwa wenzetu. Nirudie, maana ndiyo mazungumzo yangu yote ya leo: tunaishi kwa mvua ya kwa wenzetu.

Mimi nililijua jambo hili nikiwa mtu mzima. Nilizaliwa Murang'a, kwenye mteremko unaoshuka hadi mto Mathioya. Utotoni tuliogelea Mathioya, tukachota maji, tukafua, na sikumbuki hata siku moja nikimwuliza mama, "Maji haya yanakwenda wapi?" Yalikuwa yetu. Yalipita, yakaenda zake. Miaka ikapita, nikaitwa katika kazi ya Bwana, nikapelekwa Madogo. Wiki ya kwanza hapa, mkokoteni wa punda ukaniletea mitungi minne ya maji. Nikajaza bilauri, nikaangalia. Chini kulikuwa na udongo mwekundu umetua. Wapendwa, udongo ule niliujua. Ni rangi ya shamba la mama yangu. Mathioya unaingia Tana, na Tana unapita hapa. Maji niliyoyaacha yaende zake utotoni, nimekuja kuyanywa ukubwani.

Nikakaa nalo lile jambo. Nikasema moyoni: kumbe mto mmoja una sehemu mbili za kutazamwa, unakotoka na unakokwenda, na mimi nimewekwa mahali unapopita. Hapo ndipo nilipoyaelewa yale maneno matatu niliyoombwa kuyazungumza leo. Sikilizeni vizuri, na kama una kalamu andika. Shukrani ni kutazama mto unakotoka. Uwakili ni kutazama mto unakokwenda. Na utumishi ni kazi ya yule aliyewekwa katikati, pale mto unapopita.

Tuanze na shukrani, kutazama mto unakotoka.

Sisi wa kanisani tunashukuru sana kwa midomo. Mtu akisimama kutoa ushuhuda, husema, "Namshukuru Mungu kwa kuniamsha salama," wote tunaitika "Amina," anaketi. Ni vyema, wala sikatazi. Lakini nataka niwasimulie habari ya bibi mmoja wa kanisa letu.

Mnakumbuka mafuriko ya mwaka 2024. Nani wa Madogo asiyekumbuka? Barabara ya kwenda Garissa ilikatwa na maji, na watu wakawa wanavuka kwa mashua mahali ambapo siku zote walivuka kwa magari na kwa miguu. Ile Jumapili ya tarehe 28 Aprili, mashua iliyojaa abiria ikapinduka pale Kona Punda. Watu 23 waliokolewa. Wapo ambao hawakurudi nyumbani. Mpaka leo nikipita pale huvua kofia, na najua wengi wenu mkipita mnanyamaza. Mungu awafariji waliofiwa.

Sasa, bibi huyu nyumba yake iliingia maji. Kuku wake wote walikufa isipokuwa mmoja. Maji yalipopungua, tukarudi kanisani, tukasugua matope sakafuni, tukafanya ibada ya shukrani. Watu wakaleta walichonacho. Bibi akaja mbele na leso imefungwa. Akaifungua polepole juu ya meza, fundo kwa fundo. Ndani mlikuwa na mayai matatu.

Nikadhani ataketi. Hakuketi. Akaanza kutaja majina. Akamtaja kijana aliyembeba mgongoni kutoka mlangoni mwake hadi penye nchi kavu. Akamtaja mama wa Kiorma aliyempa sufuria. Akamtaja mwenye lori aliyempakia bila nauli. Akamtaja mtoto wa jirani aliyemfukuzia yule kuku mmoja hadi akamkamata. Kila akitaja jina, anagusa yai. Alipomaliza akasema, "Hawa ndio mikono ya Mungu niliyoiona mimi." Kisha akaketi.

Baada ya ibada, kama ilivyo desturi, mayai yakanadiwa. Mzee mmoja akanunua yai moja kwa shilingi 500, akataka kumrudishia bibi. Bibi akakataa. Akasema, "Nimeshampa Mungu, mwanangu. Usinirudishie mkononi." Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Siku ile niliyaona maneno hayo yamekaa juu ya meza, ndani ya leso.

Wapendwa, nilihubiri miaka mingi juu ya shukrani, lakini bibi huyu alinifundisha kwamba shukrani ya kweli ina majina. Asiyetaja majina hajatazama mto unakotoka. Ametazama maji tu. Nakuuliza wewe unayenisikiliza: umefika hapo ulipo kwa mikono ya nani? Nani alikulipia karo ya muhula mmoja? Nani alikukopesha unga usiku na hakukudai? Nani alikuonyesha kazi inayokulisha leo? Wataje. Kama yuko hai, mwendee. Kama amekufa, watajie watoto wako jina lake.

Katika Injili ya Luka kuna habari ya wenye ukoma kumi. Wote kumi waliponywa, lakini aliyerudi kushukuru alikuwa mmoja, naye alikuwa Msamaria, mtu wa kabila lililodharauliwa, mtu wa dini iliyohesabiwa kuwa si sawa. Nikisoma habari hiyo hapa Madogo huwa naisoma taratibu, kwa sababu mimi ni Mkristo ninayeishi kati ya Waislamu, na deni langu la shukrani liko nyumba ya jirani.

Tarehe 1 Julai 2012, siku ya Jumapili, makanisa mawili mjini Garissa yalishambuliwa watu wakiwa ibadani. Walikufa watu wasiopungua 15. Tuliogopa. Wengine walifungasha virago. Na baada ya hapo viongozi wa Kiislamu wakaamua kwamba vijana wao watasaidia kulinda makanisa. Nawauliza Wakristo wenzangu: je, tumelitaja hilo mara ngapi katika sala zetu? Nikumbushe lingine. Desemba mwaka 2015, kule Mandera, basi lilivamiwa na wauaji wakataka abiria wajitenge, Waislamu huku na Wakristo kule. Abiria Waislamu wakakataa kuwatoa wenzao. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, na mwezi uliofuata, Januari 2016, akafa kwa majeraha yale. Hilo nalo ni jina la kutajwa. Mto wa usalama wangu mimi umepita kwa mtu yule, ambaye sikuwahi kumwona.

Na kuna mto mwingine. Maji ya Tana yanashuka kutoka milimani, lakini Injili katika bonde hili ilikuja kwa njia ya kinyume. Ilitoka pwani ikapanda mto. Katika miaka ya 1880 wamisionari walifika huko chini kwa Wapokomo na Waorma, Golbanti na Ngao, sehemu za Garsen. Mei 1886, mmisionari wa Kimethodisti John Houghton na mkewe Annie waliuawa hapo Golbanti katika uvamizi, pamoja na baadhi ya wenyeji. Mkristo yeyote wa Tana River anayefungua Biblia leo, ajue kuna watu walioitangulia njia hiyo wakailipia. Haikuanza na sisi.

Hiyo ndiyo shukrani. Tumesema ni nini? Ni kutazama mto unakotoka. Na shukrani ya kweli ina majina.

Sasa tuje kwenye jambo la pili, uwakili. Uwakili ni kutazama mto unakokwenda.

Wakili ni nani? Hapa sisemi wakili wa mahakamani. Katika lugha ya kanisa, wakili ni mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenyewe, akaitunza kwa faida ya mwenyewe na ya watu wa nyumba yake. Majirani zangu Waislamu wana neno zuri ambalo nasi tunalitumia: amana. Kitu cha amana kiko mkononi mwako lakini si chako.

Niwasimulie nilivyofundishwa neno hilo. Mafuriko yale yale ya 2024, maji yalipokaribia kanisa, mzee mmoja jirani, Mwislamu, mwenye stoo sehemu ya juu kidogo, alikuja usiku na wanawe. Tukabeba vitu vyote vya kanisa hadi kwake. Yeye amesimama mlangoni na kipande cha boksi na kalamu, anaandika. Viti vya plastiki 31. Mabenchi 9. Ngoma 2. Spika 1. Sanduku la sadaka 1, limefungwa. Mimi nimelowa, nimechoka, namwambia, "Mzee, tuingize tu." Anaendelea kuandika.

Baada ya wiki kadhaa nikaenda kuchukua vitu. Akaleta kile kipande cha boksi. "Pasta, hesabu," akasema.

Nikamwambia, "Mzee wangu, mimi nakuamini."

"Hesabu. Kuniamini ni kwako, hesabu ni kwa Mungu. Hii ni amana."

Tukahesabu. Kiti kwa kiti. Viti 31, mabenchi 9, ngoma 2. Lile sanduku la sadaka lilikuwa juu ya rafu, peke yake, limefunikwa kitambaa safi ili vumbi lisiliguse. Sanduku la sadaka la kanisa, katika nyumba ya Mwislamu, limefunikwa kitambaa! Nilitoka pale nikiwa nimepata somo la uwakili kubwa kuliko yote niliyosomea chuoni.

Na kwa nini lilinichoma hivyo? Kwa sababu siku zile zile mimi nilishindwa. Nimeamua kulisema leo hadharani kwa sababu huenda likamsaidia mwingine. Wasamaria wema walituletea magunia ya mahindi tuwagawie watu waliohamishwa na maji. Tuligawa mengi. Lakini nikabakiza magunia sita, nikayafungia chumba cha nyuma. Nilijiambia kwamba nawawekea washirika wangu ambao bado hawajafika; nilijiambia kwamba ni busara. Nje watu walikuwa wakilala chini ya turubai, na mimi nina ufunguo mfukoni. Chumba kilikuwa na unyevu. Siku nilipokifungua, gunia la chini nilipoliinua lilikuwa moto mkononi, kama kitu kinachoumwa. Mahindi yalikuwa yameota ukungu wa kijani. Magunia mawili tulimwaga, hata kuku hatukuthubutu kuwapa.

Nilikaa juu ya gunia nikalia. Nikakumbuka Waisraeli jangwani: Mungu aliwapa mana ya siku moja moja, na waliobakiza mpaka asubuhi waliikuta imeingia mabuu na inanuka. Nilikuwa nimelihubiri somo hilo. Sasa lilikuwa linanuka ndani ya chumba changu.

Wapendwa, tuurudie mto wetu. Huko juu kuna mabwawa matano yanayofuatana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga ndilo kubwa, lilikamilika mwaka 1981. Kazi ya bwawa ni nini? Ni kupokea maji ya mvua, kuyatunza, kuyapitisha yazalishe umeme, kisha kuyaachilia yaendelee na safari. Bwawa likikataa kuachilia, sisi wa chini tunakufa kiu. Na likijaa hadi likafurika, maji huteremka mengi kwa pamoja, nasi tunahama usiku na watoto migongoni. Kwa hiyo bwawa jema ni lile linalokumbuka kwamba chini yake kuna watu.

Na wewe ni bwawa, ndugu yangu. Mshahara unaingia kwako. Kuna watu chini yako. Mavuno yanaingia kwako. Kuna watu chini yako. Elimu, cheo, ujuzi wa kutengeneza mashine ya maji, uwezo wa kuandika barua: vyote hivyo ni maji ya kupita. Tena usitumie yote siku moja kwa sifa, ukabaki mtupu na watoto wako wanalala njaa. Huko nako ni kufurika. Pokea, tunza, tumia, achilia. Nirudie: pokea, tunza, tumia, achilia.

Naomba sasa niseme na wachungaji wenzangu na wazee wa makanisa. Na mashehe na maimamu, kama mtaniruhusu, mnisikilize pia.

Uwakili wetu huanzia kwenye daftari. Baada ya yale mahindi, kanisani kwetu tulikubaliana hivi: sadaka inahesabiwa na watu watatu, mezani, mbele ya wote. Mweka hazina anaandika, na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi anasoma kilichoingia na kilichotoka, hata kama ni shilingi 80 za sabuni. Pesa za simu haziingii kwenye simu ya mchungaji. Mwanzoni nilihisi kama ninashukiwa. Sasa naliona ni pumziko. Mwenye daftari wazi hulala usingizi.

Pili, tuangalie mto wa sadaka unatoka wapi. Mmeona mjadala wa miaka hii kuhusu wanasiasa na harambee za makanisa. Septemba 2021, huko Butere, siku ya kumweka wakfu Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuwa askofu kamili wa Kianglikana nchini, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwakatalia wanasiasa kusimama mimbarini. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Kanisa Katoliki Nairobi alirudisha mamilioni ya shilingi yaliyotolewa na Rais katika kanisa la Soweto. Wapo waliolaumu. Mimi nilimshukuru Mungu. Wakili ana haki ya kuuliza maji haya yametoka wapi kabla hajawanywesha watu. Mayai matatu ya bibi yetu hayakuhitaji kipaza sauti.

Tatu, na hili ni zito. Mwaka 2023, huko Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofuata mafundisho ya kufunga hadi kufa. Zaidi ya 400. Mpaka leo nikisikia jina la msitu ule mwili wangu husisimka, kwa sababu nami ninaitwa mchungaji.

Hapa Madogo neno mchungaji kila mtoto analijua. Ni yule anayetembea na ng'ombe au mbuzi tangu alfajiri. Wengi wao huchunga mali ya watu. Jioni mwenye mali husimama mlangoni pa boma, mifugo inaingia mmoja mmoja, naye anahesabu. Mchungaji anajua atahesabiwa. Anajua ng'ombe si wake. Siku mchungaji atakapoanza kuona ng'ombe ni wake, awafanye apendavyo, hapo ndipo kundi linapoangamia. Washirika si wangu. Imani yao si yangu, miili yao si yangu, watoto wao si wangu. Ni amana, na jioni Mwenyewe atasimama mlangoni. Ewe mshirika, mchungaji akikukataza kwenda hospitali, akikukataza kumpeleka mtoto shule, akikutenga na ndugu zako, jua amesahau kwamba atahesabiwa. Ondoka hapo, na umwambie mtu.

Basi tumesema uwakili ni nini? Ni kutazama mto unakokwenda. Pokea, tunza, tumia, achilia.

La tatu ni utumishi, na hili nitalisema kwa ufupi, kwa sababu ni tunda la yale mawili.

Tuna methali inayosema asante ya punda ni mateke. Ni kweli punda hupiga mateke. Lakini mimi ninayeishi hapa, ambapo punda ndio wanaotuletea maji, nimewatazama sana. Punda hushuka mtoni, akavuta mkokoteni wenye mitungi mizito, akapanda mchanga ule wa moto, akasimama mlangoni pako. Anakuletea maji hadi kwenye nyumba ambayo yeye haingii. Unamimina, unalipa, naye anageuka anarudi mtoni kuchukua ya mwingine. Mimi naona pale picha ya mtumishi. Kubeba kitu cha uhai hadi mlangoni mwa mtu, kisha kurudi kuchukua cha mwingine.

Kuna mchungaji kijana aliniuliza, "Baba, utakaa Madogo hadi lini? Washirika wako hawafiki hata 50. Huombi uhamisho?" Nikamwambia, mwanangu, mto hauulizi kama mahali hapa ni padogo. Unapita, na wanaokunywa wanakunywa. Mtu aliyetazama mto unakotoka hana sababu ya kujiona mkubwa, na aliyetazama mto unakokwenda hana nafasi ya kujiona bure. Chini yangu kuna Bura, kuna Hola, kuna Garsen, kuna Kipini ambako Tana unaingia baharini. Sitawaona wote watakaofaidika na neno moja jema nililomwambia mtoto mmoja hapa. Si lazima niwaone.

Wakati wangu unakwisha, kwa hiyo niwaachie kazi ya wiki. Kazi ya kwanza: taja majina matatu ya watu waliokufikisha hapo ulipo, na umwendee au umpigie simu mmoja wao, umshukuru kwa jambo ulilotendewa, ulitaje. Kazi ya pili: fungua chumba chako cha nyuma. Kuna nini umekifungia ambacho mwenzako anakihitaji leo, kabla hakijaota ukungu? Kiachilie. Kazi ya tatu: kama umeshika kitu cha watu, hela za chama, mali ya yatima, karo za shule, fungua daftari uwasomee wenyewe kabla hawajakuuliza.

Nimalizie na simu ya mama yangu. Bado yuko Murang'a, kwenye mteremko ule ule. Kila mvua kubwa ikinyesha kwao hunipigia. "Mwanangu, huku kumenyesha usiku kucha. Waambie watu wako." Nami huwaambia majirani wa ukingoni, na mara zaidi ya moja tumepata nafasi ya kuhamisha mbuzi na mashine za maji kabla mto haujapanda.

Mwezi uliopita alinipigia, na mvua haikuwa imenyesha. Nikamwuliza, "Mama, kuna nini?" Akasema, "Nimeacha kulima hadi ukingoni. Ile sehemu ya chini nimepanda nepia, udongo usiwe unateremka kwenye maji."

Nikamwambia, "Lakini mama, ile ndiyo sehemu yenye rutuba. Viazi vyako utapanda wapi?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ninyi si mnayanywa?"

Wapendwa, mama yangu hajawahi kufika Madogo. Hajawaona Waorma wala Wamunyoyaya, wala huyo mzee wa stoo, wala bibi wa mayai. Lakini amewaachia ukingo wa shamba lake.

Mungu ambariki kila aliye juu yetu, na awahurumie wote walio chini yetu.